Namna ya Kunusurika na Kipupwe cha Kawe

Usiulize simu yako. Simu itakwambia nyuzi 21, na hakuna bosi anayemruhusu mtu kuchelewa kazini kwa sababu ya nyuzi 21. Kipimajoto cha kuaminika hapa Kawe, Dar es Salaam, ni ile chupa ya mafuta ya nazi inayokaa mbele ya kioo. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Februari yote ni maji, ukiinamisha chupa vibaya umemwaga nusu. Ukiamka siku moja ya Juni ukakuta yamekuwa meupe, yamegoma kutoka, na mtu anayachokonoa kwa mpini wa kijiko, basi msimu umefunguliwa. Kuanzia hapo unaruhusiwa kusema "leo baridi jamani" mara tu baada ya salamu, kabla hata ya kuulizia watoto.

Kabla hujavaa chochote, jifunze kuitetea baridi yako. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kutafuta blanketi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, na watu wenye baridi ya kujivunia ni wa Njombe, Makete na Mbeya. Huko nyuzi hushuka chini ya 10, na kule juu Kitulo, mita 2,600 na kitu kutoka usawa wa bahari, majani huamka yamevaa barafu. Sisi wa pwani tunatajwa kwa adabu tu, ili tusijisikie vibaya.

Takwimu zetu ni hizi, na zibaki siri ya familia. Alfajiri ya Julai, Dar es Salaam hushuka mpaka nyuzi 18 au 19. Mchana hupanda tena mpaka 28. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu makazi na afya, likapendekeza kwamba msimu wa baridi, ndani ya nyumba pasipungue nyuzi 18 ili watu wasiugue. Soma tena taratibu. Maana yake ni kwamba uani kwako, kwenye kamba ya kuanikia nguo, saa kumi na moja alfajiri, katikati ya Julai, pana joto ambalo mtu wa Manchester analilipia bili ili alipate sebuleni.

Takwimu hiyo isimfikie shemeji wa Makete. Kila nyumba ya Kawe ina shemeji mmoja wa Makete, na huja Julai, kifua wazi nusu, amevaa fulana. Atakaa barazani akijipepea kwa gazeti. Atauliza feni iko wapi. Halafu atamtazama dada yake aliyejifunga kanga mbili na shuka juu yake, atacheka kidogokidogo, kicheko cha mtu aliyelelewa vizuri. Usibishane naye kwa nyuzi, kwa nyuzi utashindwa. Mwambie hivi: "Shemeji, baridi ya kwenu ni kavu. Hii ya huku ina unyevunyevu, inaingia kwenye mifupa." Hakuna aliyewahi kuijibu sentensi hiyo. Haina kipimo, na mifupa ni ya kwako.

Wala utetezi huo si uongo mtupu. Mwili wa binadamu hausomi kipimajoto, unakumbuka tu wiki zilizopita. Ngozi iliyotoka jasho tangu Novemba, iliyolala usiku wa Februari kwenye nyuzi 26 bila shuka, ukiipeleka kwenye 19 inashtuka kihalali kabisa. Binamu yako aliye Toronto, nyuzi zikifika 19 mwezi wa Mei, anavua shati na kwenda kulala kwenye nyasi za bustani ya umma. Wote wawili mko sahihi. Ongeza na kusi, upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki juu ya bahari kuanzia Mei, na Kawe imekaa ufukweni bila kilima cha kuuzuia. Pita Viwanja vya Tanganyika Packers, pale palipokuwa kiwanda cha nyama ya kopo, usiku wa mkutano wa injili wa mwezi wa saba. Mhubiri akiwaambia waumini wanyooshe mikono juu, utahesabu sweta nyingi kuliko mikono.

Kwa hiyo elewa unashughulika na nini. Baridi ya Kawe haihitaji moto kama inavyohitaji mashahidi. Nusu ya maelekezo yanayofuata ni ya kupata joto. Nusu nyingine ni ya kuhakikisha watu wamekuona ukilitafuta.

Tuanze na nyumba. Nyumba ya Dar es Salaam ilijengwa na mtu aliyekuwa na adui mmoja tu, joto, na alipigana naye kwa kutoboa. Kuna matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Kuna luva ambazo kioo kimoja kilivunjika tangu enzi za mpangaji wa kabla yako. Kuna nafasi chini ya mlango inayopitisha mende bila kuinama. Juu kuna mabati, ambayo mchana hukupika, na usiku, anga likiwa safi kama linavyokuwa kipupwe, hulirudisha joto lote juu kabla taarifa ya habari ya saa mbili haijafika kwenye michezo.

Ziba, basi. Chini ya mlango weka tambara la deki lililokunjwa, au kandambili ambayo mwenzake alipotelea msibani. Penye kioo kilichovunjika weka kipande cha boksi, na maandishi yaelekee ndani ili jirani asijue unanunua sabuni ya aina gani. Matundu ya hewa jaza viroba vya unga, ila acha angalau mawili wazi. Sababu nitaisema muda si mrefu. Baba mwenye nyumba akikuuliza, sema ni mbu.

Ukishamaliza kuziba kila upenyo, washa feni. Mgeni wa jiji ataona umechanganyikiwa, lakini mkazi halisi anajua kwamba feni haipo kwa ajili ya joto peke yake. Feni hufukuza mbu, hufunika muziki wa baa ya jirani, na mtu aliyezoea mngurumo wake hapati usingizi bila huo mngurumo. Utaratibu unaokubalika ni feni namba mbili, imeelekezwa miguuni, na blanketi zito limepandishwa mpaka kidevuni. Ndiyo, umelipia umeme ili utengeneze upepo, kisha ukanunua blanketi ili ujikinge na huo upepo. Shemeji akiamka usiku kunywa maji akaiona hali hiyo, jifanye umelala.

Hita ya umeme usiinunue. Ya wati 1,500 hula uniti moja na nusu kila saa, na kama mita yako iko kwenye ile bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, siku chache za anasa zitakutoa kwa wanyonge na kukupandisha kwa wenye uwezo, ambako hutakuwa na rafiki. Tumia jua, ambalo ni la bure na wengi hulikalia upande usio wake. Dar iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Baraza linalotazama kaskazini hupata jua kutwa. Linalotazama kusini hupata kusi. Kabla hujapanga chumba, mwulize dalali kinatazama wapi. Dalali atakujibu kwamba kinatazama pande zote, na maji hayakatiki.

Na jiko la mkaa lisiingie chumbani. Hapa sitanii. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Anayeivuta hakohoi wala hasongwi. Kichwa kinamuuma, usingizi unamzidi, basi. Karibu kila kipupwe husikika habari za watu wa mikoa ya baridi waliolala na jiko ndani wasiamke. Zamani uvujaji wa nyumba zetu ulituokoa bila sisi kujua. Siku hizi kuna madirisha ya aluminiamu yanayofunga barabara na dari za jipsamu zisizo na ufa, na ndiyo maana nimekwambia matundu mawili yabaki wazi hata kama jiko huna. Jiko likae nje, na mtu ndiye alifuate jiko. Tuendelee na mzaha.

Mavazi. Hapa Kawe haina sababu ya kumwonea mtu wivu, kwa sababu majira ya baridi ya Ulaya yote huishia kwenye marobota ya mitumba. Nenda Karume, nenda Tandika, au subiri Mwenge jioni. Koti linalofaa kwa kipupwe cha Dar es Salaam ni lile lililoshonwa kwa ajili ya mtu anayeteleza kwenye theluji nyuzi 20 chini ya sifuri: lina manyoya kofiani, lina mifuko ya kila saizi, na ndani ya mmojawapo unaweza kukuta risiti ya kahawa ya Austria. Usimwulize muuzaji kama ni zito mno. Atakwambia kwa utulivu, "Anko, baridi ya mwaka huu siyo ya kuchezea," na mwakani atasema hivyohivyo.

Koti hilo lina ratiba yake. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri liko mwilini. Saa tatu linahamia mkononi. Saa sita liko mgongoni mwa kiti cha ofisini, linalinda nafasi yako wakati umekwenda kula. Saa kumi na mbili jioni linarudi mabegani kwa safari ya nyumbani. Limekwenda Posta na kurudi, limefanya kazi saa chache tu, na watu wote wa daladala wamelishuhudia. Kichwani weka mzula. Miguuni vaa soksi na ndala, soksi ikibanwa katikati ya dole gumba na wenziwe. Hakuna vazi linalotangaza mateso ya mtu wa Kawe kwa uaminifu kama hilo.

Ukitaka kujifunza kwa wanaojua, kuna walimu wawili. Wa kwanza ni mlinzi wa Kimasai kwenye geti la jirani, aliyejifunga lubega, shuka moja juu ya nyingine, ambaye hukaa nje usiku kucha, miguu kwenye katambuga, na hujawahi kumsikia akilalamika. Siri ni hewa iliyonaswa kati ya shuka na shuka: hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoroke, na ndiyo maana mwenye nguo mbili nyepesi humshinda mwenye moja nzito.

Mwalimu wa pili ni mtoto mchanga. Mtoto mchanga wa Kawe ndiye mtu pekee katika jiji zima aliyejiandaa kwa baridi mwaka mzima. Januari, nyuzi 32, jasho linamtiririka kila mtu aliyekuja kumtazama, yeye yumo ndani ya kofia ya sufu, sweta ya sufu, soksi za sufu, shali, na kanga ya bibi juu yake. Mama yake amekandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na madirisha yamefungwa. Usithubutu kumpunguzia nguo. Mama mkwe atakuuliza, mbele ya wageni, kama unataka mtoto apate kichomi. Daktari amesema vile vipele shingoni ni vya joto, lakini daktari ataondoka na mama mkwe amekuja na begi la mwezi mzima. Sasa kipupwe kikifika, watu wote wanahangaika kutafuta sweta, mtoto peke yake ndiye hajabadilisha chochote.

Wanafunzi ni kinyume chake. Sweta ya shule imo kwenye sare, inanunuliwa Januari, inavaliwa kwenye jua la Februari kwa sababu mwalimu wa zamu anaitaka, na inapotea Mei.

Tukifika kwenye bodaboda, mzaha unapungua nguvu, maana hapo baridi ipo kweli. Upepo haushushi nyuzi za hewa. Unachofanya ni kuliondoa lile tabaka dogo la joto ambalo ngozi imejitengenezea, kila sekunde, bila kukupa nafasi ya kulitengeneza upya. Mtu anayetoka Kawe Ukwamani saa kumi na moja na nusu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa anakutana na kipupwe ambacho aliyelala hakijui. Dereva wa boda analijua hilo, ndiyo maana amelivaa koti kinyume, zipu mgongoni, kifua kikiwa hakina hata tundu la kifungo. Chini ya koti kuna gazeti la jana limetandazwa kifuani. Gazeti ni kizuizi kizuri sana cha upepo, na ni matumizi ya uandishi wa habari ambayo vyuo havifundishi.

Abiria, jifunze kukaa. Jikunje nyuma ya dereva, kichwa usawa wa bega lake, usichungulie. Ukichungulia ili uone mnakwenda wapi utapata machozi ya upepo na utafika kazini ukiulizwa nani amefariki. Usimwombe apunguze mwendo kwa sababu ya baridi. Atakwambia, "Bosi wangu, tukienda taratibu tutakaa kwenye hii baridi muda mrefu zaidi," na hesabu yake ukiitazama vizuri ina mantiki. Kofia ngumu, ambayo askari wa barabarani wamehangaika nayo miaka nenda rudi, utaivaa mwenyewe bila kuambiwa. Inanuka vichwa vya kata nzima, lakini masikio yatakuwa na joto. Ajali hazikukutisha mwaka mzima, masikio yamekutisha.

Kwa wasio na nauli ya boda, joto la barabarani lipo bure, ukijua pa kusimama. Alfajiri, tafuta karai la mama wa maandazi. Ameamka saa tisa usiku kukanda unga, na hutamsikia akizungumzia baridi. Hana muda huo. Simama upande ambao upepo hauleti moshi, nunua maandazi mawili, kula taratibu. Jioni hamia kwa muuza chipsi. Agiza chipsi mayai, halafu usimharakishe. Mtu aliyeagiza mishikaki pembeni ana haki ya kusimama karibu zaidi na moto, ila ni gharama. Usiku ni zamu ya kahawa chungu, birika juu ya kijiko chake cha makaa, kashata kwenye sahani, na benchi la wazee wanaomaliza mambo ya Simba na Yanga ambayo viongozi wa Simba na Yanga hawajayaanza. Kikombe kimoja kinakupa haki ya kukaa benchini mpaka utakapochoka, na mwili wa mzee aliyekaa upande wa kusi ni ukuta tosha. Mwamkie vizuri, "Shikamoo mzee," kabla hujajificha nyuma yake.

Supu ya pweza nayo hupasha mwili, ina pilipili na ndimu, na inanywewa ya moto. Lakini fahamu kwamba ukikaa pale hakuna atakayeamini umefuata joto. Waliokuzunguka wanajua supu ya pweza inanywewa kwa nini, na mmoja wao anamfahamu mkeo.

Kuhusu Konyagi na ndugu zake: pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto inakuja juu, unahisi joto limeingia. Kumbe linatoka. Unajisikia mwenye joto kwa sababu unalimwaga nje. Atakayekwambia anakunywa kwa ajili ya baridi, mwulize Februari huwa anakunywa kwa ajili ya nini.

Sasa kuoga, jambo ambalo watu wengi wangependa nilipite haraka. Maji ya simtanki, lile tanki jeusi juu ya mnara wake, saa kumi jioni yana joto la kupikia chai ya mvivu. Kufika alfajiri joto lote limeondoka, na alfajiri ndiyo saa ambayo jiji zima linahitaji kuoga. Mwenye akili angeoga jioni. Lakini mtu wa pwani asiyeoga asubuhi hajioni kama ameamka, kwa hiyo tunabaki na ndoo.

Mwenye gesi achemshe sufuria moja, achanganye. Mwenye ile hita ya kuchovya kwenye ndoo aichomoe kwanza ukutani ndipo aguse maji, kila siku, hata akiwa na haraka, hasa akiwa na haraka. Asiye na vyote viwili ana taratibu mbili. Wa kwanza ni ushujaa: kata moja kichwani bila kufikiri, kisha unatoa sauti ambayo wapangaji wenzako wamekwisha kuizoea. Wanaoanza na miguu, wakapanda magotini, wakasita kiunoni, wanajitesa. Tumbo linajua kinachokuja na halisahau. Utaratibu wa pili ni kuoga pasipoti: uso, shingo, kwapa, na yale maeneo ambayo yangeonekana kwenye picha ndogo ya kitambulisho, halafu mafuta ya mgando ya kutosha ili mng'ao utoe ushahidi wa uongo. Ngozi hupauka sana kipupwe, kwa hiyo mtu aliyepaka mafuta hashukiwi. Ila kaa bafuni muda wa kawaida, na umwage maji chini kwa kelele.

Jambo moja dogo: ukitetemeka saa saba mchana juani huku ngozi inaunguza, hiyo siyo baridi. Usiende Karume kununua sweta, nenda kapime malaria.

Wafanyakazi wa ofisini wanahitaji aya yao, kwa sababu baridi kali kuliko zote za Dar es Salaam haiko nje, iko ndani ya benki. Kuna jengo mjini ambalo kiyoyozi chake kimewekwa nyuzi 16 mwaka mzima, na rimoti iko kwa mtu aliyehama kitengo. Hapo ndipo utawaona akina dada wa kaunta wamevaa majaketi mwezi wa kumi na mbili, wateja wanatoka nje kuota jua, na mlinzi wa mlangoni akifungua mlango kwa hiari kila anapomwona mtu mbali. Nyuzi 16 ni chini ya alfajiri ya kawaida ya Kawe. Tunailalamikia Julai kwa sababu imetuletea 19, na tunalipia umeme ili tupate pungufu ya hapo. Shemeji wa Makete, ukimpeleka benki kutoa hela, ndipo mahali pekee atakapoomba koti lako. Mpe. Usiseme neno. Umeisubiri siku hiyo miaka.

Binamu wa Toronto naye atapiga simu, na hatapiga mwezi wa saba. Atapiga Januari, akiwa na picha ya gari lililozikwa kwenye theluji, akitaka umwonee huruma. Mwonee. Kisha mwambie kwamba hapa joto limetuua, tunalala sakafuni, na umeona aliko yeye ni afadhali. Msitakiane zaidi ya hapo.

Nimebakiza mbinu moja, ambayo naiona bora kuliko zote na ambayo haina mashahidi wengi. Maji hupoteza joto polepole kuliko hewa, hivyo bahari ya Kawe mwezi wa Agosti hubaki kwenye nyuzi 25 hivi wakati alfajiri ya nchi kavu iko kwenye 19. Mahali penye joto kuliko kote mtaani, saa kumi na moja na nusu, bila mkaa, bila uniti, bila mitumba, ni ndani ya maji ya chumvi. Wavuvi wanaosukuma mashua ufukweni saa hizo wanaijua siri. Utawaona wamesimama majini wakipanga nyavu bila haraka yoyote ya kupanda chomboni, kwa sababu kusi iko juu, siyo chini. Shuka nawe, usivuke kiuno, maana bahari ya kusi ikichafuka haina adabu.

Tatizo ni kutoka. Ukitoka umelowa, upepo utayakausha maji mwilini na kuondoka na joto lako lote, na utaijua Makete bila kupanda basi. Kwa hiyo ukishaingia, baki humo mpaka saa tatu, jua lishike. Simu mwachie mtu wa nchi kavu, ampigie bosi amwambie kuna foleni Mwenge.